Yakifika Huku, Devota

Devota mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nimekuona asubuhi ukigombana na zipu ya begi mpaka ukaipiga teke. Yangu utaijua ukimaliza kusoma. Umeenda Ilembo kuwaaga wenzako wa kwaya, bibi amejilaza, mdogo wako Jeni nimemtuma mashineni, kwa hiyo nina mchana wangu wa kukaa hapa nyuma ya jiko na kalamu bila mtu wa kuniuliza naandika nini.

Mambo ya kufua, kula, kufunga mlango na kuwaogopa wanaume wenye maneno matamu sikuandikii. Bibi yako ameshakuimbia hayo wiki nzima, na mengine amerudia kwa Kirundi ili yakuingie vizuri. Mimi nataka tuongee lile tulilogombania, na nimechagua karatasi kwa sababu mdomo wako siuwezi. Tukianza kuongea, mara umeshanishinda, mara nimeshakasirika, mara mmoja wetu katoka nje. Karatasi haijibiwi. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, na usome leo hii hii kabla hujalala, maana kuna jambo la kesho nimeliweka huko chini.

Nianze na pale mashineni. Mimi sikuwepo, ila Mama Kulwa jirani yetu alikuwepo na alinipa yote, hata na vicheko. Umeme ulikatika, ndoo za mahindi zikajipanga mpaka barabarani, na wanaume waliokaa juu ya magunia wakaanza habari za Kenya. Si ndiyo habari ya kila mahali siku hizi, vijana wa kule wamejaa barabarani, na kila mwenye simu ana video yake. Mmoja akasema huku hayawezi kufika, sisi ni watu wa amani. Mwingine akasema yatafika tu, tusubiri. Wakabishana weee, kama wanavyobishana mpira. Na wewe, na ndoo yako ya plastiki, ukasema: "Yakifika msiulize yamepita mpaka gani. Yatakuwa yametokea hapa hapa tulipokaa." Mama Kulwa anasema hata mwenye mashine alicheka. Mimi ningekuwepo pengine ningecheka pia, halafu ningekufinya.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa akaja. Hilo sikukusimulia lote. Nilikuambia tu kwamba alipita kusalimia, na wewe ukanitazama kwa lile jicho lako. Alikuja, akakaa, akala karanga nilizokuwa nimekaanga, akaulizia miguu ya bibi. Halafu akasema, "Mama Devota, mimi na nyie hatuna neno. Marehemu alikuwa rafiki yangu. Lakini mtoto ana mdomo. Mtoto wa Mpimbwe, mwenyeji wa hapa, akisema vile, watu watasema ni ujana. Wa kwenu akisema, watauliza ametumwa na nani."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, Devota amezaliwa hapa Kakese. Hata mimi nimezaliwa hapo Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, sijavuka mto wowote."

"Najua," akasema. "Mimi najua. Nakuambia habari ya wasiojua."

Hapo ndipo niliposhindwa. Angekuja kwa ukali ningemjibu kwa ukali, lakini yule mzee alikuja kwa upole na alichosema ni kweli. Nikamfungia karanga nyingine kwenye gazeti aende nazo kwake. Alipoondoka nikakaa nazihesabu kwa hasira karanga zilizobaki, eti nimemlipa mtu kwa kunikumbusha kwamba mimi ni mgeni. Nilikuwa na hasira na yeye, na wewe, na mimi mwenyewe, na mwisho nikamfokea Jeni ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kilichofuata ulikiona. Bosco, mdogo wake baba yako, ambaye tangu tumzike marehemu ndiye msemaji wa nyumba hii, akasikia habari na akaja wakati wa kula. Si unamjua baba yako mdogo, hawezi kuanza jambo bila methali. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," akasema. Na wewe ukamuuliza, kwa sauti ya heshima kabisa, ndiyo ilimuuma zaidi, "Sawa baba mdogo, na anayenyoa ni nani?" Akaacha tonge. Akasema hakuna kwenda chuo Mwanza mpaka Kenya itulie. Mwanza na mpaka wa Kenya ni safari ya nusu siku, alisema, na huko vyuoni ndiko mambo haya yanakoanzia. Ukasema kama ni kusubiri Kenya itulie utaolewa na kuzeeka hapa. Ndipo akatoa lile sharti lake: utakwenda, lakini kwanza uape kwa kaburi la baba yako kwamba yakifika huku hutanyanyua mguu wala mdomo. Na wewe ukainuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Unajua kiapo cha kaburi kwa ukoo wa baba yako si mchezo. Mtu akishaapa pale, hata wakimkata hawezi kurudi nyuma, na akirudi, kila baya litakalompata watasema alijitakia. Bosco anakupenda, naomba ulijue hilo. Anakupenda na anaogopa, na hivyo viwili kwake vimeshikana, huwezi kuvitenganisha.

Mimi ninamwelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu nimewahi kuwa Bosco. Wewe unaukumbuka mwaka wa kutapika kama kichekesho. Kila Krismasi mnaucheka na Jeni, naye hata hakuwa amezaliwa. Ngoja nikuambie ulivyokuwa kwa upande wangu.

Ulikuwa mdogo, darasa la pili au la tatu. Vijana wa Bujumbura waliingia barabarani, na sisi hapa tukawa tunasikiliza redio ya Kirundi tangu alfajiri. Baba yako aliifunga betri kwa mpira ili isicheze. Wanaume walikuwa wanabishana vile vile, yatafika, hayafiki. Halafu watu wakaanza kuvuka kuja Kigoma, maelfu, na hapo mabishano yakaisha na uvumi ukaanza. Wengine walisema serikali itatuhesabu upya, wengine kwamba uraia tuliopewa utarudishwa na tutapelekwa kambini pamoja na waliokuja. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Aliyekuambia naye aliambiwa.

Bibi yako akasimama mlangoni akasema, "Chimbueni."

Muhogo wetu ulikuwa haujakomaa, nusu ya umri wake. Lakini bibi alikimbia Burundi akiwa na baba yako mgongoni, bila hata konzi ya unga, na tangu siku hiyo ana sheria moja: usikimbie mikono mitupu. Nilipoolewa hapa nilipanda mchungwa, akanikuta, akaniuliza unampandia nani, nikaung'oa. Ndiyo maana mpaka leo machungwa tunaomba kwa Mama Kulwa. Kwa hiyo tukachimbua. Mimi na baba yako, shamba zima, kwa siku chache tu, migongo inatuuma. Na ule ulikuwa muhogo mchungu, unajua wenyewe unavyotaka, uuloweke siku tatu nne mpaka ulainike, uumenye, uuanike vizuri, ndipo utwange. Sisi tukauloweka usiku mmoja. Tukaukata vipande vyembamba, tukauanika juu ya bati, tukautwanga bado una unyevu ndani. Tukajaza mifuko ya salfeti, tukaipanga karibu na mlango. Mama Kulwa akapita akauliza, "Mama Devota, mnahama?" Nikamwambia tunataka kupanda mahindi pale. Nilimdanganya mwanamke aliyenishika mkono nikikuzaa wewe.

Tukakaa kusubiri. Lori halikuja, askari hawakuja, wa kutuhesabu hawakuja. Hakuna aliyekuja. Mvua ikanyesha, jogoo akawika, shule ikafunguliwa. Na sisi shamba halina kitu, kwa hiyo tukaanza kula ule unga. Ndipo mlipoanza kutapika. Baba yako alikuwa na kizunguzungu mpaka anashika ukuta. Wewe ulilegea ukawa kama nguo, macho yanapinduka, na nilikubeba kwenye baiskeli ya jirani mpaka zahanati. Nesi akaniuliza, "Amekula nini?" Nikasema maharage. Mtoto anazimika mikononi mwangu na mimi nasema maharage, kwa sababu niliona aibu kumweleza kwamba tulikuwa tunamkimbia mtu ambaye hakuwepo. Ni Mama Kulwa aliyekuja nyuma yangu akihema, akasema, "Ni muhogo, nesi, niliuona juu ya bati." Huyo ndiye aliyekuponya, nesi na dripu wakamalizia.

Baadaye nilimweleza ukweli. Alicheka sana, unamjua anavyocheka mpaka anakaa chini. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ulifikiri siku hiyo mimi ningefanya nini? Ningekuja na fimbo kukutoa?" Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefikiri hivyo. Si yeye kwa jina, ila nilipofunga macho na kuwaona watakaokuja kutufukuza, walikuwa na sura za watu ninaowajua, kwa sababu sura nyingine sina.

Ndiyo maana watu wanapobishana kama mambo ya jirani yanaweza kuvuka mpaka, mimi huwa natafuta kazi ya kufanya mikononi. Mwaka ule hayakuvuka. Yaliishia kule kule kwao. Lakini shamba letu liliisha, tukalala njaa mpaka mavuno mengine, baba yako akaenda kufanya kibarua kwenye tumbaku ya watu, na wewe nusura nikuzike. Yote hayo tuliyafanya wenyewe, kwa mikono yetu, bila mtu kutugusa. Na Bosco akitaka kukuzuia mwaka huu, mimi naona jembe lile lile. Chuo hiki umekitafuta kwa shida. Kukutoa sasa ni kuchimbua kabla ya wakati.

Lakini usinisome vibaya ukadhani nasema hofu yote ni upuuzi. Laiti ingekuwa upuuzi, ningelala.

Nimeona wanaovuka. Nilipokuwa msichana Katumba nilikuwa naona watu wanashuka kwenye malori wamebeba magodoro vichwani, mwingine kabeba mlango. Mlango, Devota, bila nyumba. Hao hawakuja kuleta vurugu ya mtu, walikuja kwa sababu wameichoka. Kwa hiyo nikiulizwa ni nini kinavuka, nitasema wanavuka watu waliochoka, na hofu inawatangulia. Kuhusu ile hasira yenyewe sina uhakika. Bosco anaamini umeipata kwenye simu. Mimi nilikuona nayo ukiwa kidato cha pili, siku mwalimu alipokusimamisha darasani akakuambia ukalete uthibitisho wa uraia, wewe peke yako, na wenzako wote wamekaa. Ulirudi nyumbani hukulia. Ulikaa hapa hapa nilipokaa mimi, ukawa unachana majani ya maboga vipande vidogo vidogo mpaka yakawa hayafai kupikwa. Wakati huo Kenya kulikuwa kimya. Kwa hiyo ulichosema mashineni nilikielewa, na ndicho kilichoniogopesha, kwamba nimekielewa.

Kumbuka uliponionyesha ile video. Binti wa rika lako, ana bendera mgongoni na chupa ya maji, anamwosha mwenzake macho kwa ajili ya moshi. Wewe ulikuwa unaona ushujaa. Mimi nilikuwa namtafuta mama yake kwenye ile video, na hakuwepo. Bibi akaomba aone na yeye. Akaisogeza simu mpaka puani, akatazama, akauliza, "Wanakimbilia wapi?" Ukamwambia, "Hawakimbii, bibi. Wanakwenda." Akakurudishia simu. Siku nzima nilimsikia anajiuliza mwenyewe kwa Kirundi, wanakwenda wapi, wanakwenda wapi. Maisha yake yote yeye amemwona mtu anakimbia akiwa ameupa moto mgongo. Kumwona mtu anaufuata kulimchanganya.

Na mimi niko katikati yenu, na hapo katikati pamenibana. Bibi alikuwa na pa kukimbilia, alikimbilia huku. Yakifika huku mimi nakimbilia wapi? Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na Wakongo wanavuka kuja kwetu. Burundi wanasema ni kwetu, na mimi sijui hata njia ya kwenda sokoni kule. Kirundi changu wenyewe watakicheka. Kwetu ni hapa, na hapa ndipo ninapoambiwa nisiongee kwa sauti. Wewe ukinyanyua mdomo Mwanza, hawatakuja kwako tu. Watakuja kuuliza mama yake ni nani, bibi yake alitokea wapi, na yule mdogo wake Jeni anasoma shule gani. Mwenyekiti mwenye upole ataondoka, atakuja mwingine asiyekula karanga. Nikikuambia nenda ukaseme, nimewatoa hawa kafara. Nikikuambia nyamaza, nimekutoa wewe. Nimeugeuza huu mzani juu na chini wiki mbili sasa, na kila nikishika upande mmoja ule mwingine unanipiga.

Nikueleze kidogo kuhusu kunyamaza, maana ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Mimi ni fundi wa kunyamaza. Nilifundishwa nikiwa na meno ya utoto. Kwenye mkutano, kaa nyuma. Ukiulizwa kabila, sema Muha wa Kasulu, hawatajua tofauti. Mtu akikupunja sokoni, nenda kwingine. Sikuambii ni mabaya yote. Yametulisha, yametufikisha hapa, wewe unakwenda chuo kwa sababu kuna watu wawili watatu walikaa kimya kwa zamu.

Lakini kuna siku ya baba yako. Unajua alikufa, unajua na ugonjwa. Hujui habari ya benchi. Tulikwenda hospitali moja, sina haja ya kuitaja, tukakaa foleni tangu asubuhi. Watu wanaojuana na watu wakawa wanapitishwa mbele yetu. Wa kwanza, nikasema moyoni labda ana dharura. Wa pili. Wa tatu. Baba yako jasho linamtoka, kaniegemea. Akaniambia, "Skola, sema." Mimi nikamwambia subiri, ni zamu yetu sasa hivi. Akasema tena, "Wewe sema tu." Nikaangalia ule mlango, nikamwangalia yule dada wa mapokezi, maneno yote ninayo mdomoni, na Kiswahili changu ni kizuri kuliko chake. Sikusema. Tuliingia jioni.

Hakufa siku ile. Alikufa miezi baadaye, na daktari alituambia hata tungeingia wa kwanza ingekuwa vile vile. Namwamini daktari. Lakini sauti ya baba yako inayoniambia sema bado ninayo, na inanijia nikiwa napeta mchele, nikiwa kanisani, nikiwa sina hata wazo naye. Mwanamume hakuwa anataka dawa pale, alikuwa anataka kusikia mke wake anamsemea. Na nilimnyima kitu ambacho hakikuwa na bei.

Basi tufike kwenye jambo la kesho.

Jana jioni, ulipokwenda kisimani, Bosco alikuja. Hakukaa. Akauliza, "Shemeji, ameapa au hajaapa? Kama hajaapa, kesho kutwa hapandi treni, nitakwenda mwenyewe stesheni kumrudisha." Bibi alikuwa kwenye mkeka wake ukutani, macho kafumba, nikajua kasinzia. Mimi nilikuwa nachambua dagaa. Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia. Nilipanga kumwambia ataapa, nitamshawishi, nipe usiku mmoja. Nimelipanga siku nzima. Nikafungua mdomo nikasikia nasema, "Ameapa."

"Lini?"

"Asubuhi. Kwa kaburi la baba yake, kama ulivyotaka."

Bosco akanitazama. Yeye si mjinga. Akauliza, "Na shahidi alikuwa nani? Maana mama mtu si shahidi."

Dagaa mkononi, nikajua nimejifunga kamba mwenyewe. Na bibi yako, bila kufumbua macho, akasema, "Nilikuwepo mimi."

Bosco akageuka. "Mama, ulikuwepo?"

"Nimesema nilikuwepo. Unataka na mimi niape?"

Hakuna mtoto wa ukoo ule anayeweza kumwambia mama yake aape. Akasema basi, Mungu ashukuriwe, akaondoka. Mimi na bibi tulibaki tumekaa. Yule bibi, Devota, aliyetuambia chimbueni. Aliyetufundisha wote kufunga midomo, kuanzia mimi hadi Jeni. Sikumuuliza kwa nini. Baadaye aliomba achemshiwe maji ya miguu, nikamchemshia, basi.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyo. Hujaapa. Sikukuomba uape na sitakuomba. Utaondoka nyumbani kwangu bila kamba mguuni, na ukifika huko utaangalia kwa macho yako, utaamua kwa kichwa chako. Sikutumi barabarani. Mama gani atakutuma? Usiku na mchana nitaomba yasifike, na kama yakifika nitaomba uwe umelala, una malaria, uko kwenye mtihani, popote. Nakuambia wazi kwamba naogopa. Ila sitaki siku ukiwa na la kusema, mahali pa kulisema, uishike midomo yako kwa sababu ya kaburi la mtu aliyeniomba niseme.

Kuhusu kumdanganyia kaburi lake, hayo yangu na baba yako. Tutamalizana.

Lakini ujue nilichojifungia. Kukitokea jambo lolote Mwanza, hata ukivunjika mkono kwa kuteleza bafuni, Bosco atasema umevunja kiapo. Ukoo utasema. Watakaa kwenye viti hapa uani waniambie mtoto alijitakia, na mimi nitakuwa nawagawia chai, najua kwamba hukuapa, na siwezi kusema. Bibi huenda atakuwa ameshakufa. Nitabaki nayo peke yangu. Ukisikia siku moja mama yako amenyamaza kwenye msiba au kikao, mwenzako usimlaumu, ujue hiyo moja niliichagua.

Kesho Bosco atakuwepo stesheni. Amesema atakubebea begi, na atakubebea kweli, anakupenda. Atakutazama usoni, atakuambia nimefurahi kusikia umeapa mwanangu. Nakujua. Wewe uongo huuwezi, tangu mdogo unakukwama kooni, na mdomo wako utataka kumsahihisha pale pale mbele ya abiria. Ukimwambia ukweli, treni itaondoka na wewe umesimama.

Usimwambie ndiyo, usimwambie hapana. Mpokee begi lako, mshike mkono, upande. Mambo mengine yote ya maisha yako sikuombi unyamaze, mwanangu, ila hapo, mara hii moja, nyamaza.

Mama yako,
Skolastika